Viraka kwa Barua Pepe: Historia ya Desturi Moja ya Watengeneza Programu

Kiraka cha programu ni maandishi mafupi yanayoonyesha ni mistari gani ya msimbo iondolewe, ni ipi iingizwe mahali pake, na katika faili ipi. Mwenye msimbo wa zamani akipata kiraka, kompyuta humtolea msimbo mpya bila yeye kuandika neno. Kwa kuwa kiraka ni maandishi matupu, hupita popote maandishi yanapopita, na kwa takriban miaka 40 njia yake kubwa katika miradi ya programu huria imekuwa barua pepe. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inayoendesha kila simu ya Android inayouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, pamoja na sehemu kubwa ya seva za intaneti, hujengwa kwa njia hiyo mpaka leo. Mtu hutuma barua. Wenzake huisoma hadharani, humuuliza maswali, huikataa au kuikubali. Na ikikubaliwa, maelezo yake huwekwa katika kumbukumbu ya kudumu pamoja na msimbo wenyewe.

Kupelekeana marekebisho ni jambo la zamani kuliko mitandao. Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta kubwa za IBM waliunda chama kilichoitwa SHARE huko Los Angeles, wakawa wanapeana programu na masahihisho yake. Siku hizo msimbo ulikaa kwenye kadi zilizotobolewa au utepe wa karatasi, na kuurekebisha kulikuwa kazi ya mikono hasa: tundu lisilotakiwa lilizibwa kwa kipande cha karatasi chenye gundi, au sehemu mbovu ilikatwa na nyingine kuungwa. Kuandika sahihisho hakukuwa tatizo kubwa. Kilichosumbua ni kumweleza mtu aliye mbali, mwenye nakala yake mwenyewe, mahali hasa pa kuligusa.

Jibu la kwanza la maana lilitoka Bell Labs, katika jimbo la New Jersey, kulikozaliwa mfumo wa uendeshaji wa Unix. Mapema miaka ya 1970 Douglas McIlroy aliandika programu iitwayo diff, ikatolewa pamoja na toleo la tano la Unix mwaka 1974. Miaka miwili baadaye yeye na James Hunt wakachapisha maelezo ya hesabu yake. Programu hiyo hupewa faili mbili, ikatafuta mfuatano mrefu kuliko yote wa mistari inayopatikana katika faili zote mbili, na kile kinachobaki nje ya mfuatano huo kikahesabiwa kuwa ndiyo tofauti. Matokeo yake ya mwanzo yalikuwa maagizo ya nambari: futa mstari wa 40, ongeza huu baada ya mstari wa 57. Mpokeaji aliyekuwa amejiongezea mistari mitatu tu juu ya faili yake aliharibikiwa, kwa maana mstari wa 40 kwake haukuwa tena ule wa mtumaji. Mwaka 1981 toleo la Unix lililotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilianza kuandika pamoja na kila badiliko mistari michache ya jirani ambayo haikubadilika, ili mahali patambulike kwa mazingira yake hata kama nambari zimesogea.

Upande wa kupokea, hata hivyo, ulibaki wa mkono mpaka Mei 1985. Mwezi huo Larry Wall, ambaye miaka miwili baadaye angetoa lugha ya Perl, alisambaza kupitia Usenet programu fupi aliyoiita patch. Usenet wakati huo ilitegemea kompyuta zilizopigiana simu, mara nyingi usiku gharama ya simu iliposhuka, kila moja ikikabidhi barua kwa inayofuata. Kila ukurasa uliopita ulilipiwa na mtu. Kutuma upya programu nzima kwa sababu ya mistari kumi iliyosahihishwa kulikuwa israfu, lakini kumtaka kila mpokeaji aifungue faili na kuhariri mstari kwa mstari kulizaa makosa mapya.

Patch ilisoma matokeo ya diff na kuyatekeleza yenyewe. Wall aliitengeneza huku akiwafikiria watu wanaopokea barua, na hilo linaonekana katika jambo dogo lililobadilisha mengi: programu huruka maneno yote yaliyotangulia kiraka na yanayokifuata. Salamu, maelezo, anwani za juu ya barua na sahihi ya chini haviisumbui. Mpokeaji aliweza kuchukua barua nzima kama ilivyofika na kuilisha programu. Programu ikaacha mazungumzo na kuchukua msimbo. Kwa njia hiyo maelezo ya binadamu na maagizo ya mashine yaliweza kusafiri katika bahasha moja, na desturi yote iliyofuata imejengwa juu ya uwezekano huo.

Programu hiyo pia ilikuwa na uvumilivu. Isipoikuta mistari ya jirani pale ilipotajwa, huitafuta juu na chini. Isipolingana kikamilifu, hukubali kupuuza mmoja au miwili ya pembeni, kisha humwarifu mtumiaji kwamba imekisia. Ikishindwa kabisa, sehemu iliyokataliwa huwekwa katika faili ya pembeni ili mtu aishughulikie kwa macho yake. Mpokeaji, basi, hakuhitaji tena kuwa na nakala iliyofanana na ya mtumaji herufi kwa herufi. Watu waliokuwa mabara tofauti, kila mmoja na nakala aliyoichezea kwa namna yake, waliweza kupeana marekebisho na mara nyingi yakaingia.

Sura ya kiraka inayojulikana leo ilikamilika miaka mitano baadaye. Mwaka 1990 Wayne Davison alibuni mpangilio unaounganisha ya zamani na mapya mahali pamoja: mstari unaoondolewa huanza na alama ya kutoa, unaoongezwa huanza na alama ya kujumlisha, na usioguswa huanza na nafasi tupu. Richard Stallman wa GNU, mradi wa programu huria, aliuingiza katika diff ya mradi huo mwanzoni mwa 1991. Mpangilio huo ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia, lakini faida yake kubwa ilikuwa kwa msomaji. Mtu aliyezoea husoma kiraka cha namna hiyo jinsi mhariri anavyosoma muswada uliosahihishwa kwa kalamu nyekundu, akiona kwa pamoja kilichokuwapo na kilichoandikwa badala yake.

Mradi ulioonyesha mapema nguvu ya njia hii ni Apache. Programu ya seva ya wavuti iliyotumika sana mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliandikwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois. McCool alipoondoka mwaka 1994, kazi ikasimama, na wasimamizi wa tovuti waliokuwa wakiitegemea wakabaki kila mmoja na viraka vyake. Februari 1995 wanane kati yao, wakiongozwa na Brian Behlendorf na Cliff Skolnick, walianza kuvikusanya viraka hivyo kupitia anwani moja ya barua pepe iliyosambaza kila ujumbe kwa wote. Aprili wakatoa toleo la kwanza kwa umma, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo toleo la 1.0. Hawakuwa na ofisi wala mwajiri mmoja. Walipiga kura kwa barua: mwanachama aliandika +1 kukubali, au -1 kupinga na kueleza sababu. Katika muda wa mwaka mmoja hivi seva yao ikaipita ile ya NCSA kwa wingi wa watumiaji. Kura hizo za +1 na -1 zingali zikitumika katika Wakfu wa Apache, ingawa msimbo wenyewe siku hizi hupita njia nyingine.

Linux ilianza kwa unyenyekevu zaidi. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliutangaza mradi wake tarehe 25 Agosti 1991, na mwezi uliofuata akaweka toleo la 0.01 kwenye seva ya Kifini. Watu wakaanza kumtumia barua zenye viraka. Utaratibu, kama unaweza kuitwa hivyo, ulikuwa huu: barua huingia, Torvalds huisoma, akipendezwa nayo hukitia kiraka katika nakala yake, na baada ya siku chache au wiki hutoa toleo jipya. Asipopendezwa nayo, hanyanyui kidole. Kiraka kilichopotea bila jibu hakikuchukuliwa kuwa kimekataliwa wala kukubaliwa; mwenyewe alitarajiwa kukituma tena, na tena, mpaka kionekane. Kwa Torvalds hilo lilikuwa kichujio: sahihisho lenye maana litakuwa na mtu wa kulisimamia. Kwa mtu aliyekesha usiku mbili akilitafuta kosa, lilikuwa dharau.

Mradi ulipokua, mazungumzo yalihamia kwenye anwani ya pamoja iliyokuwa katika seva iitwayo vger, kwanza kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Wasaidizi wakajitokeza kila mmoja na eneo lake: David Miller akawa mtu wa mitandao, Alan Cox akawa na nakala yake ya kerneli iliyokusanya viraka ambavyo Torvalds alikuwa bado hajavifikia. Lakini mlango wa mwisho ulikuwa mmoja, nao ulikuwa kikasha cha barua cha mtu mmoja. Septemba 1998 malalamiko kuhusu viraka vinavyopotea yalipamba moto, Torvalds akachoka na kwenda mapumziko, na wenzake wakaanza kusema waziwazi kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba mradi mzima. Januari 2002 mjadala ulirudi, safari hii likiwapo pendekezo la kumteua mtu wa kukusanya viraka vidogovidogo kwa niaba yake. Mwezi uliofuata Torvalds alichagua njia nyingine: akaanza kutumia BitKeeper, programu ya kibiashara ya Larry McVoy inayotunza historia ya msimbo na kuwezesha wasaidizi kumpa mabadiliko kwa mafungu. Waliochukizwa na mradi huria kutegemea programu ya kufungwa walikuwa wengi. Barua hazikuisha hata hivyo. Zilibaki kwa wale walio chini, waliotuma kwa wasaidizi, na BitKeeper ikatumika juu, baina ya wasaidizi na Torvalds.

Kipindi hicho cha BitKeeper kiliacha tukio moja linalostahili kutazamwa kwa karibu. Novemba 2003 mtu asiyejulikana alijipenyeza katika seva iliyotunza nakala ya pili ya kerneli, kwa ajili ya wasiotaka kutumia BitKeeper, akaongeza mistari miwili. Mmoja ulionekana kama ukaguzi wa kawaida wenye sharti kwamba nambari ya mtumiaji ni sifuri. Katika lugha ya C, kulinganisha huandikwa kwa alama mbili za sawasawa. Mwandishi wa mstari ule aliweka moja. Alama moja hailinganishi, bali huweka thamani: programu yoyote iliyojua namna ya kuuamsha mstari huo ingepewa nambari sifuri, yaani mamlaka yote ya kompyuta. Hila hiyo ilikamatwa upesi kwa sababu badiliko halikuwa na asili. Halikuwamo katika kumbukumbu kuu, wala hakukuwa na barua ya mtu aliyelileta na kulieleza. Mvamizi alijificha vizuri ndani ya msimbo, akasahau kwamba katika mradi ule kila mstari una aliyeuombea.

Mwaka huohuo asili ya mistari iligeuka kuwa suala la mahakama. Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba msimbo wa Unix ulikuwa umeingizwa Linux bila haki. Mradi uliojengwa kwa maelfu ya barua haukuwa na njia rahisi ya kuonyesha nani aliandika nini na kwa ruhusa gani. Mei 2004 Torvalds alipendekeza dawa isiyo na gharama: kila anayetuma kiraka aandike chini ya maelezo yake mstari wa Signed-off-by wenye jina na anwani yake, akithibitisha kwamba msimbo ni wake au ana haki ya kuutoa chini ya leseni ya mradi. Kila msimamizi anayekipitisha kiraka huongeza mstari wake chini ya uliotangulia. Mstari huo hauna wakili wala mhuri, lakini ukisomwa kutoka juu kwenda chini unaonyesha mikono yote iliyokipokezana kiraka tangu kwa mwandishi hadi kwenye kerneli. Hadi 2023 maelekezo yalidai jina halisi. Mwaka huo yakalegezwa, ikawa inatosha mtu kujulikana katika jamii hiyo, ilimradi asiwe wa kujificha.

Aprili 2005 ndoa na BitKeeper ilivunjika. Mtengeneza programu Andrew Tridgell alikuwa ameandika programu ya kuzungumza na seva za BitKeeper bila kutumia ile ya kampuni, na McVoy akaondoa leseni ya bure. Torvalds alianza kuandika chombo chake, Git, mwanzoni mwa mwezi huo. Tarehe 7 Aprili Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Julai alimkabidhi Junio Hamano usimamizi, ambao Hamano ameendelea nao tangu hapo. Leo Git hutajwa pamoja na tovuti kubwa za kuhifadhi msimbo kana kwamba ilizaliwa kwa ajili yake. Ilizaliwa katika dunia ya barua. Miongoni mwa amri zake za mwanzo kabisa zimo za kugeuza mabadiliko kuwa barua, za kuzituma, na ile ya am, inayosoma kikasha kizima na kuigeuza kila barua kuwa badiliko lililosajiliwa kwa jina la aliyeiandika. Kila faili inayotolewa na format-patch, ile amri ya kugeuza mabadiliko kuwa barua, huanza na tarehe ileile, Jumatatu 17 Septemba 2001 saa sita kamili ya usiku, hata kama kiraka kimeandikwa leo asubuhi. Tarehe hiyo haina kazi nyingine zaidi ya kuzitambulisha programu kwamba faili ile imetoka Git na si barua ya kawaida.

Barua yenyewe ina adabu zake. Kichwa huanza na neno PATCH katika mabano ya mraba. Kikiandikwa v3 2/5, msomaji anajua kwamba hii ni barua ya pili kati ya tano na kwamba mfululizo huo unaletwa mara ya tatu baada ya kusahihishwa. Kisha hutajwa eneo la kerneli linalohusika na muhtasari ambao, kwa jumla, hautakiwi kuzidi herufi 75. Hufuata maelezo: tatizo ni nini, linamdhuru nani, na kwa nini dawa hii na si nyingine. Maelezo huandikwa kwa kauli ya kuamrisha, kana kwamba msimbo unapewa maagizo. Kiraka kikiwa kinasahihisha kosa la zamani, hutajwa herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa badiliko lililolileta kosa hilo. Chini ya sahihi huwekwa vistari vitatu, na kinachoandikwa baada yake, kama vile nini kimebadilika tangu barua iliyopita, husomwa na wakaguzi lakini hakiingii kwenye historia. Mwisho huja kiraka chenyewe, ndani ya mwili wa barua. Kiambatisho hakitakiwi, na sababu ni ya kivitendo: mkaguzi anapobonyeza kitufe cha kujibu, msimbo wote humjia ukiwa umenukuliwa, naye huandika neno lake chini ya mstari uleule anaoulalamikia, akifuta usiohusika. Miradi haikubaliani juu ya hili. Mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL, wenye desturi imara ya barua pia, huruhusu viambatisho na haujaharibikiwa na chochote.

Anayetuma hapaswi kukisia nani wa kuandikiwa. Kerneli ina faili iitwayo MAINTAINERS inayoorodhesha kila eneo na wasimamizi wake, pamoja na programu ndogo inayosoma kiraka na kutoa anwani zinazohusika. Programu nyingine, iliyoingizwa mwaka 2007, hukagua mtindo wa uandishi kabla ya kutuma: nafasi zilizoachwa mwishoni mwa mstari, mabano yasiyokaa mahali pake, mistari mirefu kupita kiasi. Baada ya kutuma, mtu husubiri. Maelekezo yanasema asikumbushe kabla ya wiki moja kupita, na kwamba majibu yanaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Wanaoridhika hujibu kwa mistari ya Reviewed-by, Acked-by au Tested-by, nayo hubandikwa kwenye kiraka na kubaki humo milele. Kwa namna hiyo aliyekagua naye hutajwa, jambo ambalo majarida mengi ya sayansi huwanyima wakaguzi wao.

Ugumu unaowaangusha wengi siku ya kwanza haumo katika msimbo. Programu za barua za kisasa hupenda kupamba: hukata mistari mirefu, hugeuza alama za kusogeza maandishi kuwa nafasi za kawaida, huweka rangi na aina za herufi. Kiraka kilichoguswa hivyo hakiingii popote, maana programu ya patch inahitaji kila nafasi ikae ilivyokuwa. Nyaraka za kerneli zina ukurasa mzima unaopitia programu za barua moja baada ya nyingine. Gmail ya kwenye kivinjari imeandikwa humo kuwa haifai kutuma viraka, na kuhusu Lotus Notes ushauri ni mmoja tu, nao ni kuikimbia. Seva ya vger nayo imekuwa ikizirudisha barua zenye mapambo. Mtu anayefanya kazi katika kampuni ambayo mfumo wake wa barua huongeza onyo la kisheria chini ya kila ujumbe hulazimika kutafuta anwani nyingine kabisa. Ni kizuizi cha kweli, na wanaokitetea kwa kusema kwamba huwachuja wasio makini hawajaonyesha kwamba kuweza kupanga programu ya barua ni dalili ya kuweza kuandika msimbo mzuri.

Kizuizi kingine kilikuwa lugha. Kwa miaka mingi majibu ya Torvalds na baadhi ya wenzake yalijulikana kwa ukali, na kwa kuwa yalitolewa mbele ya maelfu ya wasomaji na kuhifadhiwa, aibu haikuisha siku ileile. Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi, akapumzika kwa wiki kadhaa, na mradi ukapitisha kanuni mpya ya maadili. Hadhara inayomlinda msomaji dhidi ya viraka vya siri ndiyo hiyohiyo inayomfanya mgeni aogope kuandika barua ya kwanza; hakuna chombo kilichowahi kuzitenganisha sifa hizo mbili.

GitHub ilipofunguliwa mwaka 2008, ilitoa njia nyepesi zaidi. Mtu hunakili mradi kwenye tovuti, hurekebisha, kisha hubonyeza kitufe kuomba badiliko lake livutwe. Miradi mingi iliyozaliwa baadaye haikuwahi kujua barua, na mikongwe ikahamia huko mmoja mmoja. LLVM, mkusanyo mkubwa wa vikusanyaji vya lugha za programu, ilihamishia ukaguzi wake huko mwaka 2023. Kerneli haikuhama, ingawa ilipata nafasi. Agosti 2011 ilipogunduliwa kwamba seva za kernel.org, zinazotunza msimbo wake, zilikuwa zimevamiwa, Torvalds aliiweka kerneli kwenye GitHub kwa muda, na nakala yake ingali huko. Mei mwaka uliofuata alieleza kwa nini hapokei maombi yanayotokea kwenye kitufe kile: hayaonyeshi anwani ya kweli ya mwombaji, muhtasari wa mabadiliko yake ni duni, na yanalea uzembe wa kuandika maelezo.

Hoja hizo zinaweza kubishaniwa, na tovuti zimeboreka tangu wakati ule. Hoja yenye uzito zaidi ni ya umiliki. Barua haina mwenye nyumba. Mkaguzi mmoja huisoma kwa programu ya maandishi ya miaka ya 1990, mwingine kwa simu, mwingine huandika programu yake ya kuichambua. Kampuni ikifilisika au nchi ikifungiwa huduma na tovuti, barua zilizokwisha kufika hubaki kwa waliozipokea. Tena barua haihitaji mtandao wa kudumu. Afrika Mashariki yenyewe ilipata barua pepe kabla ya wavuti: HealthNet, iliyounganisha hospitali na vyuo vya tiba Tanzania, Kenya na Uganda mapema miaka ya 1990, ilikusanya barua na kuzisafirisha kwa mkupuo, kwa simu au kwa setilaiti ndogo. Mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya ukanda huu ilipita kwenye setilaiti, polepole na kwa bei ya juu. Kiraka cha kilobaiti chache kingeweza kupita katika hali zote hizo. Tovuti nzito isingeweza.

Juhudi nyingi zimeelekezwa katika kuziba mapengo ya barua bila kuiacha. Patchwork, iliyoandikwa na Jeremy Kerr, hukusanya viraka vilivyofika na kuonyesha kipi kinasubiri na kipi kimeingizwa, ili kisipotee kimyakimya kama zamani. Mwaka 2018 ilifunguliwa hazina ya lore.kernel.org, inayohifadhi barua za miaka mingi na kuzifanya zitafutike. Konstantin Ryabitsev, mmoja wa walioijenga, baadaye alitoa b4, chombo kinacholeta mfululizo mzima wa viraka pamoja na sahihi zote zilizoongezwa katika majibu. Mashine za Intel huchukua viraka vipya, huvijenga kwa aina nyingi za vichakataji, na kumwandikia mwenyewe pale vinapokwama, mara nyingine kabla ya binadamu yeyote kuvisoma. Mradi wa Git nao umekubali suluhu ya kati: aliyezoea kitufe cha GitHub anaweza kukibonyeza, na programu iitwayo GitGitGadget ikaugeuza mchango wake kuwa barua.

Udhaifu ambao vyombo havikuutibu ulionekana Aprili 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametuma, kwa majina ya kubuni, viraka vilivyofichwa kasoro kwa makusudi ili kuona kama wakaguzi watazigundua. Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa matoleo ya kudumu, alipobaini kwamba viraka vya mashaka vinaendelea kuja kutoka huko, alikifungia chuo kizima, na zaidi ya mabadiliko 400 yaliyowahi kutoka kwake yakakaguliwa upya moja moja na watu wa kujitolea. Mengi yakakutwa ni sahihi. Watafiti waliomba radhi na kuondoa makala yao. Walichokithibitisha ni jambo ambalo wasimamizi walikuwa wakilijua: anwani ya barua haisemi mtu ni nani, na ukaguzi wa hadhara hutegemea kwamba wengi wa wanaoandika wana nia njema.

Kerneli ya Linux hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo hubeba zaidi ya mabadiliko 10,000. Tangu Git ianze kuhesabu mwaka 2005, zaidi ya watu 15,000 wamechangia. Kwa juu, wasimamizi humpa Torvalds matawi ya Git yaliyokwisha kukusanywa, lakini hata ombi la kuyavuta huandikwa kama barua. QEMU, programu ya kuiga kompyuta, na PostgreSQL nazo hupokea viraka kwa barua, sawa na Git yenyewe. Anayetaka kujaribu hahitaji akaunti ya tovuti yoyote: anahitaji anwani ya barua pepe, programu isiyopamba maandishi, na faili ya submitting-patches iliyomo ndani ya folda ya nyaraka za kerneli, ambayo ni vyema kuisoma yote kabla ya kutuma barua ya kwanza.